Kinga ya Kuazima

Aika mwanangu,

Umekwenda Buguruni kusukwa, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi wako na maneno yake, hutarudi kabla ya kiza. Baba yako yuko sebuleni anafunga begi lako, analifungua, anapanga tena viatu, analifunga. Mimi duka nimelifunga mapema. Jirani akaniuliza, "Mama Aika, kuna msiba?" Nikamwambia hakuna msiba, kuna msafiri.

Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitaziandika. Umezisikia mpaka unazimalizia kabla sijamaliza mimi. Ninachotaka ni kujibu swali uliloniuliza mwaka jana, nami nikakujibu uongo.

Ulikuwa kidato cha sita. Watu wa damu salama walikuja shuleni kwenu, wewe na wenzako mkachangia, na baada ya muda mkapewa majibu. Ulikuja dukani na sare yako, nikiwa nampimia mteja kitambaa cha pazia, ukasema, "Mama, damu yangu imekubaliwa! Wamesema naweza kuchangia tena." Niliacha kitambaa kikaporomoka sakafuni, nikalia. Mteja akadhani nimepokea taarifa mbaya. Ukaniuliza, "Mama, jamani, damu tu! Kuna nini?" Nikasema ni vumbi la vitambaa.

Halikuwa vumbi. Kaa sasa nikusimulie, tena usome leo leo kabla hujalala. Sababu utaiona mwishoni.

Kabla hujazaliwa, mjomba wako Felix alifanyiwa upasuaji, na sisi ndugu tukaombwa kuchangia damu. Nilikwenda nikijiamini. Siku chache baadaye nikaitwa. Kijana mmoja alinipeleka pembeni akaniambia, "Dada, damu yako hatukuitumia. Ina virusi vya homa ya ini, aina ya B." Nikamuuliza kama nitakufa. Akasema, "Nenda kamwone daktari," akanipa karatasi ya majibu, akaita mtu mwingine.

Nilirudi Kariakoo kwa miguu. Wakati huo lile duka la mapazia halikuwa langu, nilikuwa nimeajiriwa tu. Mlango wa pili palikuwa na duka la dawa la Bi Kokila. Ndiyo, huyo huyo Bi Kokila wa Upanga unayemjua. Umekua ukimwona kama bibi tunayempelekea keki Krismasi na anayetuletea pipi zake za Diwali, na ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza kwa nini sisi Walutheri wa Machame tuna bibi Mhindu. Nilikujibu kwamba tumezoeana. Hilo halikuwa uongo, ila lilikuwa jibu fupi mno.

Siku ile niliingia kwake kununua dawa ya kichwa. Akanitazama usoni, akauliza, "Anna, una nini?" Nikampa ile karatasi. Aliisoma, akamwambia mteja aliyekuwa amesimama, "Samahani baba, rudi baadaye," akanivutia kiti nyuma ya kaunta.

"Mume wangu alikuwa na hivi hivi," akasema. "Hakujua. Alikuja kujua ini limeshaharibika, na hatukuwa na la kufanya. Wewe umejua mapema. Shukuru."

"Nishukuru, Bi Kokila? Nishukuru kwa ugonjwa?"

"Kwa kujua," akasema. "Ulie leo. Kesho nakupeleka kwa daktari."

Na kweli alinipeleka. Alifunga duka lake asubuhi kwa ajili ya msichana wa duka la jirani, ambaye hata ukoo wake alikuwa haujui.

Daktari alikuwa mtu mpole, anayeongea taratibu. Alisema virusi hivi hukaa kwenye damu, na kwamba pengine vilinikuta nikiwa mchanga, labda siku ile ile mama yangu aliponizaa. Alisema ini langu bado liko salama, nirudi kila baada ya muda wapime. Nilisikia nusu tu ya maneno yake. Nyumbani sikusema kitu. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Magomeni mimi na baba yako, hatujamaliza mwaka wa ndoa. Nikaanza kutenga sahani yangu, kikombe changu na kijiko changu. Nikawa naviosha peke yavyo na kuvificha juu ya kabati. Nikawa nageuza uso akitaka kunibusu.

Baba yako, fundi friji, mtu anayesikia mota ikibadilisha sauti akiwa chumba kingine, asingeacha kuona. Asubuhi moja alinyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kile kikombe, akamimina chai yangu humo, akainywa yote mbele yangu huku ananitazama. Akakiweka mezani. "Haya," akasema, "sasa niambie nimekunywa nini."

Nikamwambia. Aika, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kile alichofanya. Aliuliza, "Daktari mwenyewe anapatikana siku gani?" Basi.

Tulikwenda wote. Daktari akatuambia vikombe na sahani havina kosa, tule pamoja, tukumbatiane. Akampima baba yako. Majibu yakatushangaza. Baba yako hakuwa na virusi, lakini alikuwa na kingamwili za virusi hivyo. Wakati fulani ukubwani vilimwingia, mwili wake ukavishinda, na yeye mwenyewe hana kumbukumbu hata ya siku moja ya homa.

"Kingamwili ni nini hasa?" baba yako akauliza. Unamjua, hawezi kuacha kitu bila kujua kinavyofanya kazi.

Daktari akasema kirusi peke yake hakiwezi chochote. Hakili, hakizai, mpaka kiingie ndani ya seli, na hiki cha kwetu kinatafuta seli za ini. Ili kiingie lazima kwanza kijishikize nje ya seli. Sasa, kwenye damu ya mtu aliyewahi kukishinda zimo kingamwili, vitu vidogo sana ambavyo mwili huvitengeneza, na kila aina imeumbwa kumshika adui wake mmoja. Zikikutana na kirusi zinakiganda pale pale kilipotaka kujishikizia. Kinabaki kinaelea, hakina pa kuingia. Tena zile kingamwili zilizokiganda zinakuwa kama alama, seli za ulinzi zinakiona na kukimeza. Adui akimalizika, mwili unabaki na kumbukumbu yake. Akirudi miaka mingi baadaye, anatengenezewa kingamwili upesi kabla hajafika popote.

"Na wangu mbona haukuzitengeneza?" nikauliza.

"Ulikuwa mchanga," akasema. "Mwili wa mtoto mchanga bado haujui vizuri nani mwenyeji na nani mgeni. Viliingia ukaviona ni vya nyumbani. Hilo si kosa lako, wala la mama yako."

Maneno hayo ya mwisho niliyahitaji, maana moyoni nilikuwa nimeshaanza kumlaumu bibi yako, naye ni mtu aliyenilea kwa shida. Nilimpigia simu jioni hiyo hiyo, nikamsalimia tu. Akashangaa kwa nini nimepiga katikati ya wiki.

Miezi michache baadaye nikajua nina mimba yako.

Furaha yangu haikumaliza siku moja. Nilirudi kwa daktari. Akaniambia ukweli: wakati wa kuzaliwa damu ya mama humfikia mtoto, na mtoto akipata virusi hivi siku hiyo, mara nyingi hukaa navyo maisha yake yote, kama nilivyokaa navyo mimi. Nikamuuliza kama mwili wangu hauna hata kingamwili kidogo za kukupa.

"Uliwahi kuugua surua?" akaniuliza.

Niliugua, Machame, mama yangu akinilaza kwenye chumba cha giza na kunipaka mafuta. "Basi kingamwili za surua unazo," akasema, "na zinampitia mtoto sasa hivi kwenye kondo. Atazaliwa nazo, zitamlinda miezi yake ya mwanzo. Lakini za homa ya ini huna za kumpa. Hizo itabidi tumwazimie."

Akatueleza. Ukizaliwa tu, kabla nusu siku haijapita, ulitakiwa kupigwa sindano mbili. Moja ni chanjo, ambayo inaufundisha mwili wako kutengeneza kingamwili zake. Lakini mwili unachukua wiki kadhaa kujifunza, na virusi havisubiri. Kwa hiyo sindano ya pili ina kingamwili zilizo tayari, zilizochujwa kutoka kwenye maji ya manjano ya damu za watu wengine, watu waliokwisha kuwa nazo. Hizo zinaingia kazini papo hapo. Baada ya miezi michache zinaisha, lakini kufikia hapo wewe unakuwa umeshatengeneza za kwako.

Chanjo ilipatikana. Hiyo sindano ya pili ndiyo tuliyoitafuta mjini kote tusiipate.

Bi Kokila hakuniambia anafanya nini. Siku moja aliniita, akafungua friji ya duka lake, akanionyesha kichupa kidogo nyuma ya chupa za insulini. Shemeji yake alikuwa amekileta kutoka Nairobi kwenye boksi la barafu. Bei hajanitajia mpaka leo, na nilipojaribu kuuliza aliniambia nirudi kazini, mteja ananisubiri.

Kichupa kile hakikutakiwa kupata joto, wala hakikutakiwa kuganda. Na umeme wa miezi ile unaujua kwa kusikia tu, ulikuwa wa mgao. Baba yako akawa anatoka kwenye kibanda chake Buguruni kila jioni anapita kwa Bi Kokila kuikagua ile friji. Alibadilisha mpira wa mlango, akaweka kipimajoto ndani, na umeme ukikatika alikuwa anafika na barafu kwenye ndoo. Bi Kokila alimtania, "Fundi, unaihudumia friji yangu kuliko mkeo." Baba yako akamjibu, "Mke wangu yumo humo humo kwenye friji."

Tulipanga kila kitu. Ungezaliwa mwisho wa mwezi, kichupa kingepelekwa hospitali mapema. Wewe ukaja wiki tatu kabla, katikati ya masika, asubuhi moja mvua imenyesha usiku kucha. Hospitali ilikuwa upande wetu wa Magomeni, kichupa kipo Kariakoo, na bonde la Jangwani lililo katikati lote lilikuwa maji. Barabara imefungwa.

Nilikuzaa salama. Ulikuwa mdogo, mwekundu, na sauti kubwa kuliko mwili. Muuguzi akakupa ile chanjo mara moja. Baba yako akampigia simu Bi Kokila kumwambia umezaliwa, akamaliza kwa kusema, "Nakuja kuchukua dawa." Akakata kabla hajasikia jibu, akakimbilia Jangwani. Polisi walimrudisha. Akajaribu kupita pembeni, maji yakamfika kifuani, watu wakamvuta. Alirudi wodini amelowa, mikono mitupu, akasimama mlangoni bila kuingia. Sijawahi kumwona hivyo kabla wala baada ya hapo.

Nilikuwa nimekushika. Ulikuwa unatafuta ziwa na mimi naogopa kukupa. Nilikuwa nakutazama nikiwaza kwamba huko ndani ya mwili wako kuna mbio, na mimi ndiye niliyemfungulia adui mlango.

Saa zikaenda. Mchana ukapita. Halafu nikasikia sauti ya mlinzi kwenye korido.

"Mama, saa ya kuona wagonjwa imekwisha."

"Sijaja kuona mgonjwa," sauti ya Bi Kokila ikasema. "Nimeleta dawa ya mtoto. Nipishe."

Aliingia, sari imelowa matope mpaka magotini, viatu mkononi, na chupa ya chai ameikumbatia kifuani. Kumbe baba yako alipokata simu, yeye alikuwa ameshatoa kichupa. Alikifunga kwa pamba na kitambaa kisigande, akakiweka kwenye chupa ya chai yenye barafu, akaingia kwenye gari lake na dereva. Wakazunguka Buguruni, wakapita Tabata mpaka Ubungo, mji mzima ukiwa umehamia njia hiyo moja. Manzese foleni ikagoma kabisa. Akamwambia dereva, "Wewe baki na gari," akashuka. Akatembea kutoka Manzese kwenye tope lile, mwanamke wa makamo ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akitembea zaidi ya kutoka kwenye gari hadi dukani.

Muuguzi alikitazama kichupa kwenye mwanga, akakigusa, akasema, "Bado cha baridi. Na muda bado upo." Akakuchoma kwenye paja ambalo halikuwa limechomwa chanjo. Ulilia, Aika, ulilia kwa hasira, na sisi watu wazima wote watatu tulikuwa tunacheka na kulia. Bi Kokila akakaa kwenye ukingo wa kitanda akaanza kukamua maji kwenye sari yake.

"Sasa mnyonyeshe," akasema. "Mtoto ana njaa."

Nikamtazama muuguzi. Akaitikia kwa kichwa. Nikakunyonyesha.

Jina lako tulikuwa tumepanga liwe la bibi mzaa baba. Muuguzi alipokuja kuuliza jina, baba yako akanitazama, nami nikasema Aika. Unajua kwetu Machame maana yake ni asante. Bi Kokila aliulizia maana yake, nikamwambia, akageuza uso dirishani akasema mvua imepungua.

Miezi ilipita tukikupeleka kliniki kwa chanjo zilizobaki. Surua iliingia kwenye nyumba ile ya Magomeni, ikapitia watoto wawili wa chumba cha jirani, wewe ukiwa bado hujafikisha umri wa kuchanjwa. Nililala macho nikikugusa paji la uso. Hukuugua. Daktari akanikumbusha zile kingamwili nilizokupa tumboni. Kumbe nami nilikuwa na kitu mwilini mwangu cha kumkinga mtu. Kwa miezi mingi nilikuwa nimejiona ni sumu tupu.

Ulipovuka mwaka mmoja, ulichukuliwa damu. Siku ya majibu nilimwomba Bi Kokila aje, akasema ana wateja. Daktari alisoma, akatabasamu kabla hajasema. "Hana virusi. Na ana kingamwili."

"Zile za kuazima?" baba yako akauliza.

"Zile zimeisha zamani. Hizi amezitengeneza mwenyewe."

Tulikuleta moja kwa moja Kariakoo. Bi Kokila alisikiliza mpaka mwisho. Alikuchukua, akakubeba kiunoni, akaendelea kumhudumia mzee mmoja aliyekuja kutafuta dawa ya kikohozi. Alihudumia wateja wote waliokuwepo hivyo hivyo, na wewe ukimvuta hereni.

Sasa unajua kwa nini nililia pale dukani. Unajua pia vile vidonge ninavyomeza kila asubuhi, ulivyodhani ni vya presha. Ni vya kuvituliza virusi hivi, na vinafanya kazi. Nimepimwa mwezi uliopita, ini langu linapiga kazi kama kawaida. Usianze kunipigia simu kila saa.

Kama kuna nililojifunza kwa kuumia, ni zile wiki za kikombe juu ya kabati. Nilikaa peke yangu na hofu wakati kulikuwa na mtu chumba hicho hicho aliyekuwa tayari kunywa chai yangu. Huko chuoni Dodoma utapata siku za namna hiyo. Ugonjwa, mtihani, mapenzi, sijui. Ukijikuta unaficha kikombe, mpigie mtu. Ukipenda nipigie mimi.

Na kuna watu ambao sitawajua kamwe. Wale waliokaa kwenye kiti mahali fulani, wakanyoosha mkono, damu yao ikachujwa, na kilichokuwemo kikaja kukukinga wewe ukiwa huna hata siku moja duniani. Huwa nawaombea kanisani bila majina. Uliponiambia damu yako imekubaliwa, kwamba itakwenda kwa mtu usiyemjua, niliona umewajibu, hata kama hukujua.

Treni yako kesho ni ya mchana. Asubuhi tutapita Upanga. Sasa hivi Bi Kokila haoni vizuri, na masikio nayo yameanza kumsumbua. Miaka yote hii alinikataza kukusimulia. Alisema mtoto asikue na deni la watu kichwani. Lakini umeshakua, na mimi sioni kama hili ni deni. Ni habari njema tu uliyocheleweshewa.

Mpe shikamoo kwa sauti. Atakushika uso kwa mikono miwili kukutambua, kama anavyofanya siku hizi, na atauliza kama umekula. Safari hii usijitoe haraka kukimbilia simu yako. Mwache akushike mpaka yeye mwenyewe achoke. Utakalomwambia, au kama hutamwambia kitu, utaamua wewe.

Nasikia sauti yako kwenye ngazi unaagana na mtu. Baba yako amelifungua begi tena.

Nakushukuru kwa kuja siku ile ya mvua.

Mama yako,
Anna